Malia, Faliraki, Laganas au Kavos: Ulinganisho kwa Mgeni Anayeamka Mapema

Katika visiwa vya Ugiriki kuna miji minne midogo ya pwani ambayo sifa yake yote imemezwa na kelele za usiku. Malia katika kisiwa cha Krete, Faliraki katika Rhodes, Laganas katika Zakynthos na Kavos katika Corfu hunadiwa kila msimu wa joto kwa vijana wa Uingereza na wa nchi za kaskazini mwa Ulaya kama mahali pa kunywa hadi alfajiri, na anayeyatazama matangazo yake angeweza kudhani kwamba huko hakuna kitu isipokuwa baa, muziki na mchanga. Hata hivyo, unafuu wa safari hizo, ambazo tiketi ya ndege na chumba cha hoteli huuzwa pamoja, huwavuta pia watu wasio na haja na disko: mwanafunzi aliyeingizwa katika safari ya wenzake wa chuo, wazazi wanaoishi Leicester au Rotterdam wanaohesabu kila euro, au mtu mzima aliyesikia habari za Ugiriki tangu darasani na sasa amepata likizo ya wiki moja. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya watu hao.

Mykonos sikuiingiza, ingawa nayo inasifika kwa starehe za usiku, kwa kuwa gharama zake ni za watu wa mfuko mwingine kabisa. Atakayejaliwa kufika huko asiache kuvuka kwa boti, mwendo wa nusu saa hivi, hadi Delos, kisiwa ambacho Wagiriki wa kale waliamini kuwa ndiko alikozaliwa mungu wao Apollo.

Kipimo nilichokitumia ni kimoja. Katika miji hii watu hulala alfajiri na huamka adhuhuri, kwa hiyo mgeni aliyelala mapema ana asubuhi nzima peke yake: mabasi yana nafasi, jua halijawa kali, na sehemu nyingi za kale hufunguliwa saa mbili. Swali la kuuliza kuhusu kila mji, basi, ni hili: ukitoka kitandani saa moja asubuhi, bila gari, utakuwa umefika wapi kufikia saa nne, na kitu utakachokiona huko kina thamani ya usingizi ulioukatisha?

Malia, na mashimo 34 ya jiwe moja

Jibu la Malia linashangaza kwa ufupi wake. Kilomita tatu hivi mashariki mwa baa, karibu na bahari, yapo magofu ya kasri la Waminoa, watu waliostawi Krete karne nyingi kabla ya Athens kuwa na jina. Kasri la kwanza lilijengwa mnamo mwaka 1900 KK, likabomoka karibu na mwaka 1700 KK, likajengwa upya juu ya misingi yaleyale, kisha likaangamia mnamo mwaka 1450 KK. Kwa ukubwa ni la tatu kisiwani, likitanguliwa na Knossos na Phaistos. Uchimbaji ulianzishwa mwaka 1915 na Joseph Hatzidakis, mwanaakiolojia wa Kigiriki, ukaendelezwa na Wafaransa kuanzia miaka ya 1920, na mwaka 2025 UNESCO iliyaingiza makasri sita ya Waminoa, Malia likiwamo, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mtu anaweza kutoka hotelini kwa miguu na kufika langoni kabla ya saa moja kupita, jambo ambalo katika miji mingine mitatu haliwezekani kwa sehemu yenye uzito kama huo.

Ni kweli kwamba kilichobaki ni kuta fupi, nyingi zikiwa hazizidi kiuno cha mtu, na asiyependa mambo ya kale ataona mawe tu. Mimi nauona ufupi huo kuwa fadhila. Kule Knossos, Mwingereza Arthur Evans, aliyeanza kuchimba mwaka 1900, alisimamisha upya nguzo na dari kwa saruji na kuzipaka rangi alizoamini kuwa ndizo, kiasi kwamba mgeni hajui aanze wapi kumwamini Mminoa na aache wapi kumwamini Mwingereza. Malia haikufanyiwa hivyo. Unaona ua mkubwa wa katikati, unaona mitungi ya kuhifadhia iliyo mirefu karibu sawa na mtu, na upande wa kusini-magharibi unaona maghala manane ya mviringo, yaliyopangwa katika safu mbili, yanayodhaniwa kuwa yalikuwa ya nafaka.

Pembeni mwa ua huo lipo jiwe ambalo ningependa kila msomaji wa Kiswahili alione. Ni jiwe la chokaa la mviringo, lenye upana wa karibu sentimita 90, lililolala chini kama meza iliyozama. Katikati yake kuna shimo kubwa, na kuzunguka ukingo kuna mashimo madogo 34, moja likiwa kubwa kidogo kuliko mengine. Wataalamu wengi wanasema lilikuwa la kutolea sadaka ya mazao ya kwanza, mbegu za aina hii katika shimo hili na za aina ile katika lile. Wengine wanasema lilikuwa ubao wa mchezo. Aliyekulia mahali ambapo wazee hucheza bao kivulini, lenye mashimo yake 32, hataweza kulitazama jiwe lile bila mkono wake kutafuta kete. Sisemi kwamba lilikuwa bao, kwa kuwa mpangilio wake wa duara hauelekei hivyo, lakini nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika kasri zima.

Nilisimama muda mrefu kupita kiasi, kwa kweli. Nilikuwa nimefika saa sita mchana, mwezi Julai, na chupa moja ndogo ya maji, nikidhani kwamba kilomita tatu si kitu. Katika magofu hayo kivuli ni haba, na safari ya kurudi ilinifundisha kwa nini Wagiriki wenyewe huonekana barabarani asubuhi na jioni tu.

Kito maarufu zaidi cha Malia hakipo Malia. Katika makaburi ya Chrysolakkos, jina linalomaanisha shimo la dhahabu, kilipatikana kidani cha dhahabu chenye nyuki wawili walioinamiana wakishika tone la asali kati yao, kitu kisichofika sentimita tano kwa upana, na sasa kimewekwa katika Makumbusho ya Akiolojia ya Heraklion. Mabasi kati ya Malia na Heraklion ni mengi na safari ni ya saa moja hivi, kwa hiyo makumbusho hayo na Knossos, iliyo kilomita tano nje ya jiji, hutosha katika siku moja ndefu. Ushauri wangu ni kuanza na kasri la Malia siku ya kwanza na kwenda makumbusho siku ya pili, kwa sababu kidani kile humgusa zaidi mtu aliyekwishaona ardhi kilikotoka.

Upande wa mashariki ipo Spinalonga, kisiwa kidogo kinachofikiwa kwa boti kutoka Plaka, Elounda au Agios Nikolaos. Waveneti, yaani watu wa Venice huko Italia, walianza kujenga ngome yake mwaka 1579, miaka 14 tu kabla ya Wareno kuanza Fort Jesus ya Mombasa, ambayo mchoraji wa ramani yake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitalia. Mwenye kuifahamu Fort Jesus ataitambua mara moja fikra ileile ya kuta nene zenye pembe zilizochongoka, zilizobuniwa ili kukabiliana na mizinga. Lakini watu wengi huenda Spinalonga kwa sababu nyingine: kuanzia mwaka 1903 hadi 1957 ilikuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma, na nyumba zao, maduka yao na makaburi yao bado yapo. Nyanda za juu za Lasithi, zilizo mita 840 hivi juu ya usawa wa bahari, pamoja na pango la Psychro ambalo hadithi husema ndimo alimozaliwa Zeus, ni nzuri pia na zina ubaridi unaopendeza, lakini bila gari ni vigumu kuzifikia kwa wakati unaokufaa.

Faliraki, na mji ambao watu bado wanaishi ndani yake

Faliraki yenyewe haina kitu cha kale ndani yake. Ushindi wake umo katika kituo cha basi. Kutoka hapo hadi mji wa Rhodes ni kilomita 14 hivi, mabasi hupita mara nyingi kwa siku, na hukushusha karibu na Soko Jipya, hatua chache kutoka bandari ya Mandraki na malango ya ngome. Ndani ya kuta zenye mzingo wa takriban kilomita nne upo mji wa kale ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1988, na tofauti yake na Malia ni kwamba haukuhamwa: nguo zimeanikwa, paka wamelala vizingitini, na aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja atajua la kufanya bila kuambiwa, yaani kuiacha njia ya maduka ya zawadi mapema iwezekanavyo na kupotea kwa makusudi.

Askari watawa wa Shirika la Mtakatifu Yohane waliutawala mji huu kuanzia mwaka 1309 hadi 1522. Barabara yao, inayopanda kwa mstari ulionyooka kutoka hospitali yao ya zamani hadi kwenye kasri la mkuu wao, ina nyumba ambazo kila moja ilikuwa ya askari wa lugha moja, Wafaransa kwao, Waitalia kwao, Wahispania kwao. Kasri lenyewe lisikudanganye. Lililipuka mwaka 1856 kwa baruti iliyokuwa imehifadhiwa karibu, na linaloonekana leo limejengwa upya na Waitalia mwishoni mwa miaka ya 1930, likatandikwa sakafu za mozaiki zilizoletwa kutoka kisiwa cha Kos. Niliyoyasema juu ya saruji ya Knossos yanalihusu na hili, na kwa maoni yangu asiye na muda anaweza kuliona kwa nje tu na kuyatumia masaa yake katika mitaa ya chini.

Huko chini ndiko historia ilikobaki bila kupambwa. Baada ya Sultani Suleiman wa dola ya Kituruki ya Waosmani kuuzingira mji kwa miezi sita mwaka 1522, Waosmani walikaa karibu karne nne, hadi Waitalia walipofika mwaka 1912, na msikiti wenye jina la sultani huyo, wenye kuta za rangi ya waridi, unatawala mtaa wa juu. Mbele yake ipo maktaba ya Hafiz Ahmed Agha, iliyoanzishwa mwaka 1793, yenye miswada ya Kiarabu, Kituruki na Kiajemi. Rhodes bado ina jamii ndogo ya Waislamu wenye asili ya Kituruki, jambo ambalo msafiri Mwislamu atalithamini na ambalo hatalikuta Zakynthos wala Corfu. Mwendo wa dakika chache kutoka hapo lipo sinagogi la Kahal Shalom, lililojengwa mwaka 1577, la kale kuliko yote yanayotumika Ugiriki. Wayahudi wa mtaa ule walikusanywa na Wajerumani Julai 1944 na kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, na wachache sana walirudi.

Basi lilelile la upande wa mashariki, likielekea kusini, hufika Lindos kwa muda usiozidi saa moja na robo. Hapo kijiji cha nyumba nyeupe kimekaa chini ya jabali lenye urefu wa mita 116, na juu ya jabali yapo mabaki ya hekalu la Athena yakizungukwa na kuta za askari watawa. Magari hayaingii vichochoroni, mizigo na wageni hubebwa na punda, na mtu wa Lamu hatapiga picha ya punda kwa mshangao kama wanavyofanya wengine. Nami ningemshauri apande kwa miguu, kwa kuwa njia ni fupi na mnyama yule amekwisha kupanda mara nyingi tangu asubuhi. Chini ya ngazi ya mwisho, ubavuni mwa mwamba, pamechongwa tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya merikebu ya vita, ikijipinda juu kama mkia, kazi ya karne ya 2 KK iliyofanywa kumtukuza nahodha mmoja wa Rhodes. Wengi huipita wakihema bila kuitazama, ingawa ni miongoni mwa vitu vichache kisiwani vinavyoonyesha kwa nini watu hawa walitajirika. Ukitazama chini upande wa pili unaiona ghuba ndogo ambayo mapokeo husema mtume Paulo alitia nanga. Msomaji wa Matendo ya Mitume atakumbuka kwamba Rodo inatajwa humo, katika sura ya 21.

Kati ya Faliraki na mji mkuu kuna Kallithea, chemchemi zilizojengewa kumbi na kuba na Waitalia enzi za utawala wao, na kusini kidogo kuna ghuba ya miamba iliyopewa jina la mwigizaji Anthony Quinn. Zote mbili zinafaa kwa nusu siku ya kuogelea. Katika mwinuko unaotazama ufukwe wa Tsambika kuna kanisa dogo ambalo wanawake wasiojaliwa watoto huliendea kuomba, wakipanda ngazi zipatazo 300, na mtoto akipatikana hupewa jina la mahali hapo, ndiyo maana Rhodes imejaa wanaume waitwao Tsambikos. Bonde la Petaloudes, linaloitwa la vipepeo, kwa hakika ni la nondo, ambao hukusanyika humo kati ya Juni na Septemba; usipige makofi ili waruke, kwani kila wanaporuka wanatumia nguvu waliyojiwekea kwa ajili ya kuzaana.

Nikiiweka Malia kando ya Faliraki, naona hivi. Malia ina kitu kimoja cha kale mno kilicho karibu mno, na vingine vyote vinahitaji siku nzima kwa kila kimoja. Faliraki haina kitu mlangoni, lakini kwa mabasi ya njia moja, kaskazini na kusini, unapata siku nne zenye sura nne tofauti bila kukodi gari. Mwenye siku mbili za kutembea na mapenzi ya zama za kale aende Malia. Mwenye siku tano, au anayesafiri na watu wasiokubaliana juu ya nini kinavutia, Faliraki itamwokoa na ugomvi.

Laganas, ambapo wa kutazamwa ni wanyama

Ukija Laganas kwa ajili ya majengo, utakuwa umepotea njia. Tetemeko la Agosti 1953 liliubomoa karibu mji wote wa Zakynthos, ulio umbali wa kilomita nane hivi, na uliojengwa baadaye ni mji wa zege wenye matao ya kukumbushia Waveneti. Una mambo yake: kanisa la Mtakatifu Dionysios, ambalo lilisalimika, kilima cha Strani, ambako mshairi Dionysios Solomos, mzaliwa wa hapo, alitunga mwaka 1823 utenzi wa beti 158 ambao beti zake za mwanzo ni wimbo wa taifa wa Ugiriki, na kumbukumbu ya askofu Chrysostomos na meya Loukas Karrer, ambao walipotakiwa na Wajerumani kuandika orodha ya Wayahudi wa kisiwa walitoa karatasi yenye majina mawili, yao wenyewe, na Wayahudi wote 275 wakaokoka. Ni mambo ya kutumia asubuhi moja, na asubuhi hiyo haitakuwa hasara.

Kinachoitofautisha Laganas na miji mingine yote ni ghuba yake, ambayo ni mojawapo ya mazalia makuu ya kasa wa aina ya Caretta caretta katika Bahari ya Mediterania, aina ambayo wavuvi wa pwani yetu huiita duvi. Hifadhi ya bahari iliundwa mwaka 1999 ili kuwalinda, na masharti yake yanamhusu kila mgeni: fukwe za mazalia hufungwa tangu jua kuzama hadi kuchomoza, miavuli huruhusiwa karibu na maji tu ili isichome viota, sehemu moja ya ghuba haiingizwi chombo chochote wakati wa msimu, na katika sehemu nyingine boti hazitakiwi kuzidi mwendo wa noti sita, yaani kilomita 11 hivi kwa saa. Majike hupanda mchangani kuanzia mwishoni mwa Mei, kila kiota kikiwa na mayai mia moja na zaidi, na vifaranga hutoka miezi miwili hivi baadaye, usiku, wakielekea mahali penye mwanga wakidhani ni bahari. Hapo ndipo ajabu ya Laganas ilipo: taa za baa ziko umbali wa kutembea kutoka mchanga ambao vifaranga hao huutokea.

Boti za kutazama kasa ndizo zenye matatizo. Niliyoipanda mimi, ambayo sitaitaja, ilikuwa ya nne kumzunguka kasa mmoja aliyeinua kichwa kuvuta pumzi, na kila alipojaribu kuzama nahodha aliwasha injini kumfuata huku abiria wakishangilia. Sikuona fahari yoyote kuwamo. Njia iliyo bora ni kwenda ufukwe wa Gerakas, katika ncha ya mashariki, mara tu unapofunguliwa asubuhi, ukae mbali na viota vilivyozungushiwa uzio na uangalie mchanga: kama jike alipanda usiku, utaona mburuzo wake, mistari miwili ya mapezi kama tairi za trekta dogo, ukitoka majini na kurudi. Aliyewahi kuona alama hizo Watamu au Mafia atazitambua; asiyewahi atazikumbuka.

Kuhusu Navagio, ule ufukwe wenye meli iliyokwama mwaka 1980 ambao picha yake imetanda kila mahali, msafiri asipange safari kwa ajili yake. Maporomoko ya miamba yamefanya kushuka ufukweni kupigwa marufuku katika miaka ya karibuni, na boti hupita kwa mbali tu. Mapango ya buluu ya Cape Skinari, kaskazini, hayana tatizo hilo, na mwangaza wake ni mzuri zaidi asubuhi.

Kavos, kwa ufupi

Kavos ipo katika ncha ya kusini ya Corfu, na mji mkuu upo kilomita 47 kaskazini. Mji huo, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2007, pengine ndio mzuri kuliko yote niliyoitaja, wenye ngome mbili za Kiveneti, nyumba ndefu zenye madirisha ya mbao, na uwanja mkubwa wa Spianada ambako kriketi bado huchezwa tangu Waingereza walipokuwa walinzi wa visiwa hivyo, kati ya mwaka 1815 na 1864. Lakini basi kutoka Kavos huchukua karibu saa moja na nusu kila upande, na kwa kipimo nilichokitaja mwanzoni hilo linaiangusha Kavos hadi nafasi ya mwisho. Anayetaka kuona Corfu afikie Corfu mjini, si Kavos.

Aliyekwisha kulipia asikate tamaa, hata hivyo. Kutoka mwisho wa mji ipo njia ya miguu inayopita msituni hadi magofu ya monasteri ya Panagia Arkoudillas, karibu na majabali meupe ya rasi, na asubuhi utaitembea bila kukutana na mtu. Lefkimmi, mji wa wakulima ulio jirani, una mfereji wenye mashua na mikahawa inayohudumia wenyeji. Na kwa safari za majini Kavos inaizidi Faliraki, kwa kuwa boti za siku moja huenda Paxos na Antipaxos, visiwa vidogo vyenye maji ya rangi ambayo kamera haiamini.

Mambo ya kupima kabla ya kulipa

Kalenda ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mei, mwanzo wa Juni na kuanzia katikati ya Septemba ndio wakati wa kutembea. Julai na Agosti magofu ya Malia na ngazi za Lindos huwa tanuri, na siku za joto kali serikali huweza kufunga maeneo ya kale mchana. Anayefuata kasa atahitaji Juni hadi Septemba. Krete na Rhodes hupata pepo za kaskazini za kiangazi, ziitwazo meltemi, zinazoweza kuzuia boti kwa siku mbili tatu, wakati upande wa Zakynthos na Corfu bahari huwa tulivu zaidi. Rhodes ilipata moto mkubwa wa msitu Julai 2023 uliowahamisha maelfu ya wageni, kwa hiyo anayekwenda kilele cha kiangazi asikate tiketi bila bima.

Kuhusu usafiri, leseni ya udereva ya nchi za Afrika Mashariki huhitaji kuambatana na kibali cha kimataifa, na pikipiki za magurudumu manne zinazokodishwa kila kona, hasa Laganas na Malia, mimi nisingempa hata mpwa wangu mzoefu: barabara ni nyembamba, changarawe ni nyingi, na madereva wengine hawajalala.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au nchi jirani kuna tahadhari moja kubwa kuliko zote. Kutoka Rhodes huuzwa safari za siku moja kwenda Marmaris, Uturuki, na kutoka Corfu kwenda Saranda, Albania. Zote mbili zipo nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu akisajiliwa mpakani kuwa ametoka amekwisha kuitumia, na jioni mizigo yake itakuwa hotelini Ugiriki naye akiwa amekwama ng'ambo. Muuza tiketi bandarini huenda asikuulize viza yako ni ya aina gani, kwa hiyo jiulize mwenyewe.

Mwisho ni chumba, kwa kuwa asubuhi zote nilizozieleza zinategemea usingizi. Malia, tafuta nyumba katika kijiji cha zamani, kusini mwa barabara kuu, ambako vichochoro ni vyembamba na mikahawa hufungwa mapema, wala si upande wa barabara inayoteremka baharini. Faliraki, chagua hoteli za kaskazini mwa ufukwe, mbali na mitaa miwili ya baa. Ukitaka kasa wa Laganas, lala Kalamaki au Keri na uje Laganas unapohitaji basi. Kavos, lala Lefkimmi.